Mizani na Kijiko: Historia ya Chakula cha Mgonjwa

Mtu akiulizwa ni vitu gani vinavyomponya mgonjwa hospitalini, aghalabu atataja dawa, sindano na kisu cha daktari wa upasuaji. Ni wachache watakaotaja chakula. Chakula huhesabiwa kuwa jambo la jikoni, nalo jikoni huwa nyuma ya majengo, mbali na wodi, mikononi mwa watu ambao aghalabu hawaitwi katika baraza la matabibu. Walakini tukiyatazama mambo yaliyopita kwa muda wa miaka 170 hivi, tutaona kwamba wagonjwa wengi waliolazwa hospitalini, wakihudumiwa na watu wema, walidhoofika kwa njaa, na wengine wakafa, ilhali chakula kipo. Hakuna aliyewanyima kwa makusudi. Lililokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kuwapima, ya kuwauliza wamekula nini, na ya kuandika jibu. Insha hii yataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyogunduliwa, na jinsi ilivyosahauliwa mara kwa mara.

Na tuanze katika Vita vya Krimea, vilivyopiganwa tangu mwaka 1853 hata 1856 baina ya Urusi kwa upande mmoja, na Uturuki, Uingereza, Ufaransa na wenzao kwa upande wa pili. Majeruhi na wagonjwa wa jeshi la Uingereza walivushwa kwa meli hata Scutari, mahali palipo ng'ambo ya bahari kuukabili mji wa Istanbul. Tarehe 4 Novemba 1854 Bibi Florence Nightingale alifika huko pamoja na wauguzi 38. Alikuta wagonjwa wamelala katika uchafu mwingi, na pia alikuta utaratibu wa chakula wa ajabu. Nyama ya askari iligawanywa kwa uzito, mifupa ikiwamo. Basi askari mmoja aliweza kupata mnofu, na jirani yake akapata mfupa mtupu, na katika daftari wote wawili wakaandikwa kuwa wamepata haki sawa. Kila fungu lilifungwa alama, kama kipande cha kitambaa au kitu chochote kilichopatikana, ili mwenyewe alitambue. Kisha mafungu yote yakatiwa katika masufuria makubwa, mengine yakatoka yameiva na mengine yakatoka mabichi. Hapo mizani ilikuwapo, lakini ilipima nyama tu. Haikumpima mtu aliyepaswa kuila.

Mwaka 1855 alifika huko Alexis Soyer, Mfaransa aliyekuwa mpishi mashuhuri wa Reform Club mjini London. Alikwenda Scutari kwa hiari yake. Alizipanga upya jiko za hospitali, akawafundisha askari kupika, na akabuni jiko la kubebeka ambalo jeshi la Uingereza liliendelea kulitumia kwa zaidi ya miaka 100. Yatupasa kusema kweli: vifo vya Scutari vilipungua hasa baada ya tume ya usafi, iliyofika mwezi wa Machi 1855, kuisafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa safi ndani ya wodi. Chakula peke yake hakikufanya mwujiza huo. Lakini Bibi Nightingale alikuwa ameona jambo ambalo hakulisahau.

Aliporudi kwao aliandika kitabu kidogo juu ya uuguzi, kikachapishwa mwaka 1859. Ndani yake mna sura mbili zinazohusu chakula cha mgonjwa. Alidai kwamba kila mwaka wagonjwa kwa maelfu hufa njaa kati ya chakula tele, kwa sababu tu hakuna aliyeangalia ni njia gani itakayowawezesha kula. Mgonjwa dhaifu, akasema, huenda asiweze kumeza chakula kigumu asubuhi, naye akiletewa sinia saa hiyo na kuondolewa, hana kingine mpaka jioni. Kumbe angepewa kijiko kimoja cha kitu laini kila baada ya muda mfupi, angekipokea. Aliukemea pia mtindo wa kukiacha chakula kando ya kitanda kwa matumaini kwamba mgonjwa atakila baadaye, kwani kukitazama tu huweza kumchafua moyo. Alitaka mwuguzi ajue mgonjwa amekula kiasi gani, saa ngapi, na kwa nini amekataa. Tena aliwaonya wale walioiamini mno supu ya nyama: ukiichemsha mpaka maji yote yakauke, utaona kilichobaki chini ni kidogo mno.

Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, fundisho la jicho. Lakini jicho la mwuguzi mmoja haliwezi kuwashawishi watu wote. Ili madaktari wasadiki, ilihitajiwa hesabu, nayo hesabu ilikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa mji wa Cleveland, nchini Marekani, aitwaye Hiram Studley, alichapisha habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Alitaka kujua kwa nini wengine walipona na wengine wakafa, ingawa ugonjwa ulikuwa mmoja. Alitazama umri wao, mioyo yao na mapafu yao. Kisha akatazama jambo jepesi kabisa: kila mmoja alikuwa na uzito gani alipokuwa mzima, na alikuwa na uzito gani siku ya kupasuliwa. Wale ambao hawakupoteza hata sehemu 20 katika kila 100 za uzito wao wa kawaida walikuwa 28, naye aliyekufa miongoni mwao ni mmoja tu. Wale waliopoteza zaidi ya hapo walikuwa 18, nao 6 wakafa. Yaani kundi la kwanza lilipoteza mtu mmoja katika 28, na kundi la pili mtu mmoja katika watatu. Chombo kilichofichua siri hiyo kilikuwa mizani ya kawaida, pamoja na swali moja ambalo mtu yeyote angeweza kumwuliza mgonjwa: kabla ya kuugua, ulikuwa na uzito gani?

Miaka hiyo hiyo, katika bara letu la Afrika, fundisho jingine lilikuwa likipatikana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alipelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka 1929. Huko Accra aliona watoto wadogo wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka, nywele zilizopauka, na uso wa huzuni usiotaka mchezo. Wengi wao walikuwa wameachishwa maziwa ya mama na kupewa uji wa mahindi. Alieleza habari zao mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina ambalo watu wa Accra wenyewe walilitumia katika lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Kwa Kiswahili twauita unyafuzi. Baadhi ya wataalamu walimpinga, wakidai ya kuwa ni pelagra tu, ugonjwa uliokwisha kujulikana. Lakini mama za Accra walikuwa wameona sawa, na jina lao lilitaja chanzo chenyewe cha maradhi.

Unyafuzi ulifundisha pia kwamba mizani inaweza kudanganya. Mtoto aliyevimba huonekana mnene, na maji yaliyo mwilini mwake humwongezea uzito. Atiwapo katika mizani, sindano yaweza kuonyesha kuwa hajambo, kumbe nyama yake inakwisha chini ya uvimbe. Ndiyo sababu mpimaji mwema huibonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba na kungoja aone kama shimo litabaki. Hapana kipimo kimoja kitoshacho. Vipimo husaidiana kama mafiga.

Habari hiyo ilifika Afrika ya Mashariki. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell, ambaye alikuwa amefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, alitumia miaka mingi kuuchunguza unyafuzi, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean wakatoa kitabu kikubwa juu yake. Watoto walitibiwa kwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na wengi ambao zamani wangalikufa wakapona. Hata hivyo ilionekana ya kuwa mtoto akipona kwa maziwa ya hospitali kisha akarudi nyumbani kwenye chakula kile kile, aweza kurudi tena wodini. Kwa hiyo mwaka 1965 kilifunguliwa hapo Mulago kituo cha Mwanamugimu, jina litokalo katika methali ya Waganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika mbeleko ya mama yake. Hapo akina mama walijifunza kumpikia mtoto kitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani, na kumwona mtoto akinenepa kwa mikono yao wenyewe. Hivyo mpango wa chakula ulivuka mlango wa hospitali. Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere wakati huo, aliandika mwongozo juu ya kupima hali ya lishe ya jamii, nao ukatolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1966.

Lakini kabla ya kusonga mbele yatupasa turudi nyuma kidogo hata mwaka 1945, kwa maana mwaka huo ulitoa fundisho lililo chungu kuliko yote. Tarehe 15 Aprili askari wa Uingereza waliingia katika kambi ya Bergen-Belsen nchini Ujerumani, ambamo Wanazi walikuwa wamewafungia watu. Walikuta wafungwa wapatao 60,000, wengi wao wakiwa mifupa na ngozi, na homa ya chawa imeenea. Askari wakafanya lile ambalo kila mwenye huruma angelifanya: wakatoa chakula chao wenyewe, pamoja na nyama ya kopo yenye mafuta mengi. Wako walioshiba siku hiyo wakafa. Katika majuma yaliyofuata, zaidi ya watu 13,000 walikufa baada ya kukombolewa, kwa homa, kwa udhaifu, na wengine kwa kulishwa kuliko walivyoweza kustahimili.

Yawezekanaje chakula kimwue mwenye njaa? Leo twaweza kueleza. Mwili usiopata chakula kwa siku nyingi huanza kuyachoma mafuta yake na nyama yake, na akiba yake ya madini kama fosfati, potasiamu na magnesiamu hupungua. Sukari ikiingia kwa wingi mara moja, mwili hutoa insulini, nayo huyasukuma madini yale machache yaliyobaki yatoke katika damu na kuingia ndani ya chembe za mwili. Damu ikiishiwa, moyo hupoteza mapigo yake, na pumzi hushindwa. Kwa hiyo mtu aliyekonda sana hulishwa kidogo kidogo, madini yake yakipimwa na kurudishwa, akipewa vitamini B1 tangu mwanzo. Wazee wetu waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa wakizungumza juu ya fosfati, lakini neno lao lafaa kubandikwa katika kila wodi.

Katika miezi hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa kikiwachunguza vijana 36 waliojitolea kula chakula kichache kwa majuma 24 ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia wenye njaa wa vita. Uchunguzi huo uliongozwa na Ancel Keys. Vijana hao walipungukiwa na karibu robo ya uzito wao. Zaidi ya hayo walikuwa wazito wa mwendo, wepesi wa hasira, wasiopenda maongezi, na mawazo yao yote yalikuwa juu ya chakula. Mwuguzi anapomwona mgonjwa mkali au mvivu wa kunyanyuka kitandani, na akumbuke vijana hao. Huenda lile linaloitwa tabia mbaya ni njaa.

Baada ya vita maarifa yalizidi. Mwaka 1968 Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza jinsi walivyowalisha watoto wa mbwa kwa njia ya mshipa mkubwa wa damu tu, wasile kitu kwa kinywa, nao wakakua sawa na wenzao. Mtoto mchanga wa kike, aliyekosa karibu utumbo wake wote, alilishwa kwa njia hiyo hiyo akakua kwa miezi mingi. Sasa hapakuwa tena na sababu ya kusema ya kuwa mgonjwa fulani hawezi kulishwa kabisa.

Je, njaa ilikwisha hospitalini? La. Mwaka 1974 Daktari Charles Butterworth wa Birmingham, Alabama, aliandika makala yaliyowaudhi wengi. Alieleza kwamba katika hospitali za nchi tajiri kama Marekani, wagonjwa walikuwa wakidhoofika mbele ya macho ya madaktari. Urefu na uzito wao haukuandikwa. Walinyimwa chakula kwa ajili ya vipimo, na vipimo vilipoahirishwa walinyimwa tena kesho yake. Waliwekewa maji ya chumvi na sukari mshipani kwa siku nyingi, kana kwamba hayo ni chakula. Sinia zilirudi jikoni zimejaa, wala hapana aliyeuliza. Mwaka huo huo Bruce Bistrian na wenzake walipima wagonjwa wa upasuaji katika hospitali moja ya Boston, wakakuta karibu nusu yao wana dalili za upungufu wa protini. Miaka 115 ilikuwa imepita tangu kitabu cha Bibi Nightingale, nayo makosa yalikuwa yale yale.

Tangu hapo watu walitafuta njia ya kuifanya kazi hiyo iwe desturi, isitegemee wema wa mtu mmoja. Uingereza ilipata mwaka 2003 utaratibu mfupi uitwao MUST, wenye maswali matatu: uzito wa mgonjwa unalingana na urefu wake? Amepoteza uzito kiasi gani katika miezi mitatu hadi sita iliyopita? Na je, ugonjwa umemzuia au utamzuia kula kwa zaidi ya siku tano? Kila jibu hupewa alama, na jumla ikifika 2 mgonjwa huyo yumo hatarini. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe huzungushwa katikati ya mkono wa juu. Mzingo ukiwa chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali. Katika hospitali ya Kilifi, katika pwani yetu ya Kenya, watafiti walifuata habari za watoto zaidi ya 8,000 waliolazwa, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba utepe huo ulibashiri hatari ya kifo sawasawa na kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho huhitaji mizani, ubao wa kupimia na jedwali la hesabu. Utepe waweza kutiwa mfukoni.

Na tuchukue mfano ili mambo haya yaeleweke. Mtu ambaye uzito wake wa kawaida ni kilo 60 analazwa akiwa na kilo 51, na kwa juma zima amekula kidogo mno. Amepoteza kilo 9, yaani sehemu 15 katika 100. Studley angetahadhari, na MUST ingemhesabu kuwa yumo hatarini. Kwa kawaida mtu huhitaji kalori 25 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili, ambazo kwake ni kama 1,300 hadi 1,500. Lakini kwa sababu amekaa na njaa, ataanza na kalori 10 tu kwa kila kilo, yaani 510, kisha ataongezewa hatua kwa hatua hata afikie haja yake baada ya siku 4 hadi 7. Akiweza kumeza, atalishwa kwa kinywa. Asipoweza na tumbo lake ni zima, atapitishiwa mpira puani hata tumboni. Tumbo likishindwa, ndipo mshipa wa damu utatumika. Kila anachokula kitaandikwa, na kila juma atapimwa tena. Mpango usiopimwa tena ni matumaini tu.

Tazama basi jinsi vyombo vya historia hii vilivyo vichache: mizani, utepe, kidole gumba, kijiko na kalamu. Vyote hupatikana hata katika zahanati ndogo. Kilicho adimu ni mtu wa kuvitumia kila siku, hata siku ambayo wodi imejaa na kazi imemwelemea.

Katika ninyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya, wengine mtakuwa wauguzi, wengine madaktari, wengine wapishi wa hospitali. Na wote, siku moja, mtakuwa jamaa wa mgonjwa. Ukimpelekea mgonjwa wako chakula, usidhani kazi imekwisha ulipokiweka karibu na kitanda. Kaa naye. Tazama amekula vijiko vingapi, uliza kwa nini ameacha, na umweleze mwuguzi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mgonjwa naye hurudishiwa nguvu vivyo hivyo, kijiko kwa kijiko. Ila sharti awepo mtu anayekijua kibaba chenyewe ni kikubwa kiasi gani, na leo kimejaa mpaka wapi.